Karanga za Kongwa, zabibu za Bihawana

Ukitaja Dodoma kijiweni, watu wanakutajia vumbi, ukame na waheshimiwa wabunge. Ni wachache wanaokutajia mvinyo mweupe. Lakini mvinyo huo upo, una harufu nzuri, na una historia ambayo huwezi kuielewa bila kwanza kupita Kongwa.

Mwaka 1947 Uingereza, ikihangaika na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianza mradi wa kulima karanga Tanganyika, na Kongwa ikawa kambi ya kwanza. Wakubwa walikuja na mahesabu ya mezani. Waliagiza matrekta, na mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita! Mwaka wa kwanza walipanga ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Mvua ziligoma, udongo ukakauka ukawa kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni kama milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Hapo ndipo wengi wakahitimisha kwamba Ugogo ni nchi isiyofaa kitu.

Haikupita hata miaka kumi. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia wakapanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Hawakuwa na vifaru wala bajeti ya kifalme. Walitaka divai ya misa, basi. Mizabibu ikakubali. Kumbe ule ukame uliowashinda Waingereza ulikuwa na faida yake: ukungu unaoozesha zabibu unapenda unyevunyevu, na Dodoma unyevu ni wa msimu tu. Ukiwa na maji ya kumwagilia, unavuna mara mbili kwa mwaka. Tena uwanda wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Jua la mchana linaleta sukari, baridi ya usiku inasaidia kutunza uchachu na harufu.

Wakulima wa kawaida wakaiga, serikali nayo ikaingia na kampuni yake ya DOWICO. Ilipoyumba, aliyeumia ni mkulima, kwa sababu zabibu haisubiri mnunuzi kama mtama unavyosubiri ghalani. Baadaye vikaja viwanda binafsi, kikiwemo cha CETAWICO kule Hombolo, wakapanda na Chenin Blanc, zabibu nyeupe yenye asili ya Ufaransa.

Sasa nisikilizeni nyie mnaoagiza Chenin Blanc ya Afrika Kusini kila Ijumaa. Kule Cape mizabibu ilianza kupandwa mwaka 1655. Sisi hata karne hatujamaliza. Kuwalinganisha ni sawa na kumshindanisha babu na mjukuu kwa kuhesabu mvi. Ila zabibu ni ile ile: harufu ya tofaa, pengine pera na asali, na uchachu unaoamsha ulimi.

Na uchachu huo unataka chakula. Weka chupa kwenye barafu, kisha jaribu na mbuzi wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, au samaki wa kupaka. Mafuta na tui vinakatwa vizuri. Pilipili punguza, maana kileo huizidishia moto. Mimi chaguo langu ni mlenda wa karanga na ugali wa uwele. Mnaocheka, jaribuni kwanza.

Tena angalieni hiyo sahani: karanga ipo! Mkoa wa Dodoma unalima karanga mpaka leo, mikononi mwa wakulima wadogo. Kilichoshindwa Kongwa hakikuwa ardhi wala karanga. Ilikuwa jeuri ya kulima bila kuuliza wenyeji mvua hunyesha lini.

Mzabibu ulianza kidogo, ukajifunza udongo, ukabaki. Swali ni kama utaendelea kubaki, na jibu haliko Bihawana peke yake. Liko pia kwenye bili yako ya Ijumaa.