Vita vya mezani na meli iliyogeuzwa: historia ya vitu vidogo kando ya Ziwa Tanganyika

Kalemie, jimbo la Tanganyika. – Katika kambi za wakimbizi wa ndani na katika mitaa ya mji, watoto wanatengeneza magari kwa mikebe ya sardini, waya na vifuniko vya chupa. Mkebe wa mafuta ya kupikia unakuwa kabina ya lori. Kandambili iliyokatika inakuwa magurudumu. Mzazi akipita husema: mtoto anacheza tu. Lakini kwingineko ulimwenguni, watu wazima wenye kazi na familia hukesha wakifanya kazi ya namna hiyohiyo, na hulipa pesa nyingi kwa ajili yake.

Ni michezo ya vita ya mezani. Mchezaji hununua boksi la vipande vya plastiki, huvikata kwa kisu kidogo na kuviunga kwa gundi mpaka apate askari mwenye urefu wa karibu sentimita 3. Hupaka rangi ya kwanza ili nyingine zishike, kisha rangi za nguo na silaha, kisha rangi nyepesi kama maji, inayoingia kwenye mikunjo na kufanya kivuli. Mezani, askari huhamishwa kwa kupimwa na utepe, na dadu ndizo huamua nani amepiga na nani amekosa. Wengine hawaridhiki na boksi lilivyo. Hukata mkono wa askari huyu wakamtilia yule, au hutoa gari la vita na kulifanya chombo cha angani. Kugeuza huko, kwa wengi wao, kuna utamu kuliko hata mchezo wenyewe.

Mambo haya yana historia ndefu. Mwaka 1824 jeshi la Prussia, katika Ujerumani ya leo, lilianza kuwafundisha maofisa wake kwa ramani, vipande vidogo na dadu. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells, mwandishi wa hadithi za viumbe wanaovamia dunia kutoka sayari ya Mars, alitoa kitabu Little Wars, chenye sheria za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Mwishoni aliweka wazo lake: anayependa vita apewe hivi vidogo, kwa maana humo hakuna miili iliyopondwa wala yenye damu. Na mwaka 1987 kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilitoa Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya angani katika maelfu ya miaka ijayo, unaochezwa leo katika nchi nyingi.

Wells hakusikilizwa. Mwaka uliofuata kitabu chake, vita vikubwa vilianza Ulaya, na mwezi wa Agosti 1914 vikafika hapa, kwenye mji ulioitwa wakati ule Lukuga, baadaye Albertville, na leo Kalemie. Meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann iliipiga na kuiharibu meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune. Ziwa likawa mikononi mwa Wajerumani.

Yaliyofuata yangefanana na mchezo wa mezani, kama si damu. Wajerumani walikuwa wameunda meli kubwa, Graf von Götzen, kule Papenburg, kisha wakaifungua kipande kwa kipande, wakaitia katika masanduku karibu 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya. Waingereza nao walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kila moja ya mita 12 hivi. Zilitoka Uingereza Juni 1915, zikapita Cape Town, zikafika Fungurume kwa treni. Kutoka hapo zilivutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, kisha zikashuka mto Lualaba na kupanda treni tena hadi Lukuga. Njia ile ya mlimani ilikatwa na Waafrika kwa mikono yao, pamoja na madaraja zaidi ya 100.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliikamata meli ya Wajerumani Kingani, na kamanda wake aliuawa. Waingereza wakaitengeneza, wakaitia mzinga mkubwa zaidi mbele, wakaibadilisha jina kuwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi ikishirikiana na Mimi iliizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili isitekwe.

Meli hiyo haikuishia chini ya maji. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo. Mwaka 1997 iliwarudisha makwao wakimbizi wa Congo waliokuwa Tanzania. Mwaka 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Chombo kilicholetwa kuua kikawa chombo cha kuokoa wanaokimbia vita.

Congo nayo ina mafundi wake wa vitu vidogo. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 Kimbembele Ihunga, alikuwa akitengeneza vitu vilivyoharibika katika jumba la makumbusho la Kinshasa. Baadaye alijenga miji mizima juu ya meza, kwa kartoni, karatasi na maboksi yaliyotupwa. Kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989. Mji mmoja aliujenga kwa ajili ya mwaka 3009. Mwingine, Ville Fantôme wa mwaka 1996, alisema hauhitaji polisi wala askari wa kuulinda, kwa kuwa watu wake wana amani. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la MoMA la New York lilionyesha kazi zake. Rigobert Nimi, fundi mwingine wa Kinshasa, ameunda roboti na vituo vya angani kwa vyuma chakavu na plastiki.

Wengi wa waliokimbilia Kalemie kutokana na vita kati ya Watwa na Waluba, hasa mwaka 2017, wanajua vita visivyochezwa kwa dadu. Ndiyo maana mzazi hushtuka akimwona mtoto ameunda bunduki au kifaru kwa mkebe. Kumnyang'anya hakutamsahaulisha alichokiona. Afadhali kuketi naye na kumwuliza: kitu hiki kinaweza kugeuzwa kuwa nini kingine? Mkebe ni uleule, na waya ni uleule. Liemba nayo ilikuwa chuma kilekile cha Götzen.