Waliopita Rufiji wakiwa minyororoni

Mahege ya leo, wilayani Kibiti, iko katika nchi iliyopitiwa na misafara ya watumwa. Mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar ulipopiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari, wafanyabiashara wa Kilwa waliwaswaga mateka kaskazini kwa miguu, wakivuka Mto Rufiji.

Kaskazini zaidi, huko Bagamoyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni tangu 1868. Waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto waliokwisha kupotezana na wazazi. Faraja waliyopewa na mapadre haikuishia kwenye sala: palikuwa na uji, dawa, darasa, jembe na ufundi, na waliooana walipewa kiwanja katika kijiji cha misheni. Kimbunga cha Aprili 1872 kilibomoa majengo, yakajengwa upya.

Watoto hao hawakuulizwa dini waitakayo, na hilo lisemwe wazi. Hata hivyo, yatima walipata wa kuwazika.