Mashine Imekufa, Nani Atafua?

Kabla hatujaigusa mashine hebu tuanze na neno lenyewe. Waswahili hufua nguo, hufua chuma, hufua nazi, na mtu akishindwa kabisa tunasema hafui dafu. Fundi wa majembe ni mfua chuma. Mwenye beseni uani na mwenye nyundo karakanani wamepewa kitenzi kimoja, kwa sababu kazi zao zote mbili zinataka nguvu. Lugha haikumtaja mwanamke wala mwanamume. Sasa imekuwaje chuma kikawa cha wanaume na nguo zikawa za dada zetu?

Swali hili lilinijia mashine ya kufulia ya nyumbani kwetu ilipokufa. Ilikufa kimya kabisa: taa haiwaki, mlio hakuna. Jioni ile ile lundo la mashuka likahamia kwa mdogo wangu wa kike, naye alikuwa na mtihani wa kidato cha nne mbele yake. Hakuna aliyeitisha kikao wala aliyemwagiza. Lilihamia tu, kama maji yanavyoijua njia yake. Fundi alikuja, akataja bei ya kutisha bila hata kufungua kifuniko, akashauri tununue nyingine. Nikaamua kuifungua mwenyewe, na kumbe ndani mlikuwa na historia nzima!

Nilianza na plagi. Nilichomeka pasi kwenye soketi ile ile, ikapata moto, maana yake soketi ni nzima. Nikatoa fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya miguu mitatu, nikaipima kwa mita: nzima. Fyuzi ile ni urithi wa Waingereza. Walipokuwa wakijenga upya nyumba zao baada ya Vita Kuu ya Pili, shaba ilikuwa adimu. Wakabuni mtindo wa kuzungusha waya mmoja kupitia soketi nyingi, na kila plagi ikabeba fyuzi yake. Kiwango cha plagi hiyo kilitolewa mwaka 1947. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini yao. Bendera yao ilishuka mwaka 1961, lakini plagi tunayo hadi leo.

Kisha nikachomoa waya ukutani, nikasubiri kidogo maana kapasita hushikilia umeme hata baada ya kuchomolewa, nikaondoa kifuniko. Pale waya wa umeme unapoingia kuna kikopo kidogo, mafundi hukiita filta. Kazi yake ni kunyamazisha. Mota nyingi za mashine hizi zina vipande viwili vya kaboni vinavyosugua sehemu inayozunguka. Vinatoa cheche, na cheche huleta mikwaruzo kwenye redio. Redio zilipojaa majumbani, vyombo vya umeme navyo vikatakiwa kuwa na adabu, ndipo vikawekewa filta. Nikapima. Kutoka plagi hadi kwenye filta njia ipo. Kutoka upande mmoja wa filta hadi wa pili, njia imekatika. Ganda lake lilikuwa limevimba na kupasuka. Ugonjwa ulikuwa huo, bwana, kikopo kinachoenea kiganjani.

Siku tano nilitafuta kikopo hicho. Siku hizo tano nguo nilifua mimi, kwa mkono, na nikiwa nimeinamia beseni nilipata wasaa wa kufikiri juu ya lile pipa lililolala ndani ya mashine.

Pipa lile ni la zamani kuliko umeme wa majumbani. Mwaka 1767 mchungaji wa Kijerumani, Jacob Christian Schäffer, alichapisha habari na michoro ya mashine ya kufulia mjini Regensburg. Mwaka 1782 Henry Sidgier akapata hati ya uvumbuzi Uingereza kwa pipa la kufulia linalozungushwa kwa mkono. Wazo basi lina zaidi ya miaka 240. Kilichochelewa ni kumpumzisha mwenye mkono. Mota ya umeme ilifika mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1937 kampuni ya Bendix ya Marekani ikatoa mashine ya kufua, kusuuza na kukamua yenyewe. Ilikuwa ikitikisika mno hadi ikabidi ifungwe sakafuni kwa bolti.

Je, pipa hilo lilimkomboa mwanamke? Hans Rosling, daktari na mtakwimu wa Sweden, alisimulia jukwaani mwaka 2010 jinsi bibi yake alivyokaa mbele ya mashine ya kwanza ya familia akiitazama tangu mwanzo hadi mwisho, na jinsi mama yake alivyopata muda wa kumpeleka maktaba. Mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, anatuonyesha upande wa pili. Mashine ilipoingia nyumbani, dobi wa kulipwa alitoka. Watu wakazidi kubadili nguo. Mzigo wote ukamwangukia mama mmoja.

Na kwetu je? Neno dobi tumelipata kutoka India. Wakati wa ukoloni, kazi za ndani katika nyumba za Wazungu wa Tanganyika zilifanywa zaidi na wanaume. Walipika, walifua, walipiga pasi, wakaitwa "boi" hata wakiwa na wajukuu. Janet Bujra, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, ameeleza jinsi kazi hiyo ilivyohamia kwa wanawake. Kwa hiyo wewe kijana mwenzangu unayesema kufua ni kazi ya kike, huenda babu yako alifua kola za bwana shauri mpaka zikasimama zenyewe. Alifua kwa mshahara. Nyumbani kwake mkewe alifua bure. Sabuni ni ile ile na maji ni yale yale. Penye mshahara mwanamume alikuwepo, pasipo na mshahara akatoweka.

Filta niliipata kwa wauza spea za mtumba, imetolewa kwenye mashine nyingine iliyochinjwa. Niliifunga, nikahakikisha kila waya umebana, nikarudisha kifuniko. Taa ikawaka, maji yakaingia, pipa likazunguka. Mdogo wangu hata hakuja kutazama, alikuwa na hesabu zake. Tangu hapo mashine ikizimika tena inajulikana lundo litahamia kwa nani, maana zamu tumeziandika ukutani na jina langu lipo.

Sisi tunaotamani kuandika riwaya tunapenda historia ya vita, ikulu na majumbe. Siikatai. Ila hebu zisome tena kazi zetu wenyewe. Wahusika wetu wanaume hubadili mashati kila sura, yamenyooka, yananukia. Wanakwenda kazini, wanapenda, wanasalitiwa, wanarudi. Shati la jana limekwenda wapi? Nani amelifua, saa ngapi, na aliacha kufanya nini ili alifue? Mwandishi akilijibu swali hilo ndani ya hadithi yake, nyumba nzima itaanza kuonekana.