Ua wa Mchanga na Ua wa Ukoka: Historia ya Palizi Mtwara na Pwani ya Mlango wa Ruvuma

Historia ya pwani ya kusini mwa Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata bidhaa zilizopakiwa melini, kuanzia pembe za ndovu na mpira wa mwituni hadi mkonge, karanga na korosho, ilhali kazi iliyokula siku nyingi za wakazi wake, yaani palizi, imepewa nafasi finyu mno katika vitabu. Palizi ni kuondoa magugu, na gugu ni mmea wowote ulioota mahali ambapo mwenye mahali hapo hakuutaka. Kwa sababu hiyo haiwezekani kueleza historia ya magugu bila kueleza ardhi ilikuwa ya nani, alitaka kuifanyia nini, na nani aliinama kuyang'oa. Katika eneo linaloanzia Mikindani, kupitia Mtwara na Msimbati hadi Kilambo kwenye ukingo wa Mto Ruvuma, swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwani mikono iliyoinama ilibadilika kidogo sana hata pale ardhi na matakwa ya wenyewe vilipobadilika kabisa.

Kabla ya kuanzishwa kwa mji wa Mtwara, nyumba ya kijijini katika pwani hii haikuzungukwa na majani. Ilisimama katikati ya kiwanja cha mchanga mtupu, ambacho kilifagiliwa kila asubuhi kwa fagio la chelewa, yaani njiti za makuti ya mnazi zilizofungwa pamoja, na uwazi huo ulikuwa na sababu zake: nyoka alionekana kabla hajafika kizingitini, moto wa pori haukupata njia ya kulifikia paa la makuti, na muhogo, mtama au dagaa walianikwa pasipo kuchanganyika na takataka. Jambo ambalo wageni wengi waliopita hawakulitambua ni kwamba kufagia kwenyewe kulikuwa palizi. Katika udongo wa kichanga, mche wa gugu uliochipua usiku hauna mizizi ya kuushikilia, hivyo fagio huung'oa kabla haujapata jani la tatu, na kazi ambayo ingehitaji jembe baada ya wiki mbili humalizika kwa dakika chache kila siku. Wanawake na wasichana ndio waliofanya kazi hiyo alfajiri, kabla ya kwenda kisimani na shambani, na pengine ndiyo maana haikuwahi kuhesabiwa kuwa kazi.

Ukingoni mwa kiwanja, hata hivyo, hali ilikuwa nyingine. Mchicha, mlenda na mnavu viliota pale maji ya kuoshea vyombo yalipomwagwa, navyo viliachwa vikue kwa sababu ni mboga. Pembeni yake palikuwa na muhogo uliotoa kisamvu na mimea ya dawa iliyohifadhiwa kwa makusudi. Mpaka kati ya gugu na mboga ulikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, na aliyeujua vizuri ni mpishi.

Shambani palizi ilikuwa na uzito wa namna nyingine. Mvua za eneo hili hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kwa kawaida hukatika kwa siku kadhaa katikati ya msimu, mnamo Januari au Februari. Magugu na mazao huota pamoja, na wiki za mwanzo ndizo zinazoamua mavuno, kwa kuwa mche wa mtama uliofunikwa na majani katika kipindi hicho hauwezi kurudisha baadaye kile ulichopoteza. Kwa bahati mbaya wiki hizo ndizo ambazo ghala hukaribia kwisha, na palizi nzito hufanywa na watu wanaokula kidogo kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Wamakonde wa uwanda wa juu walikuwa na jibu lao kwa tatizo hili, nalo lilikuwa kuhama. Uwanda huo ulifunikwa na kichaka kizito ambacho Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alikiandika kwa mshangao, na miaka 40 kabla yake David Livingstone, aliyeanza safari yake ya mwisho kutoka Mikindani mwaka 1866, alilazimika kuwaajiri Wamakonde wamkatie njia ili ngamia wake wapite, naye akausifu ustadi wao wa kutumia shoka. Kichaka kilifyekwa na wanaume, kikaachwa kikauke, kikachomwa, na majivu yake yakarutubisha shamba kwa misimu michache. Magugu yalipozidi nguvu, familia ilifungua shamba jipya na kuliacha la zamani lirudi kuwa kichaka. Maofisa wa kikoloni waliuita utaratibu huu uharibifu wa misitu, lakini hukumu hiyo ilipuuza kitu cha msingi, kwamba kivuli cha kichaka huua magugu ya jua bila jasho la mtu yeyote. Majani mengi yanayosumbua mashamba ya tropiki hustawi kwenye jua kali, na yakikosa jua kwa miaka kadhaa hudhoofika. Shamba lililopumzishwa lilikuwa linapaliliwa na miti.

Katika mashamba makubwa ya pwani kivuli cha namna hiyo hakikuwapo. Minazi iliyopandwa kwa mistari iliruhusu jua kufika chini, na katika karne ya 19 kazi ya kusafisha chini yake pwani nzima ya Waswahili iliwaangukia zaidi watumwa. Mkonge ulioletwa na Wajerumani, ukapandwa pia katika maeneo ya Lindi na Mikindani, ulihitaji kufyekewa kila mara, na baada ya utumwa kazi hiyo ilihamia kwa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioitwa hivyo kutokana na namba walizopewa, wengi wao wakiwa wamevuka Ruvuma kutoka upande wa Wareno, yaani Msumbiji. Kwa kibarua kama huyo gugu lilikuwa kipimo cha siku: mistari kadhaa ya mkonge ilikuwa kazi moja, na isipokwisha, siku haikuandikwa.

Mabadiliko makubwa zaidi yalifika baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula, ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa mashine, na mpango uliotangazwa mwaka uliofuata ulilenga zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika Mashariki na ya Kati. Kongwa, Urambo na Nachingwea zilichaguliwa katika Tanganyika, na kwa ajili ya Nachingwea ikaamuliwa kujengwa bandari ya kina kirefu Mtwara pamoja na reli ya kuiunganisha na bara. Mpango huo uliachwa Januari 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35, na reli ikafungwa mwaka 1962.

Sababu za kushindwa kwake zimeelezwa mara nyingi, zikiwamo mvua haba, udongo mgumu wa Kongwa na matrekta chakavu, lakini palizi inastahili kuongezwa katika orodha hiyo kwa msisitizo kuliko ilivyozoeleka. Wapangaji waliona kichaka kuwa kizuizi cha kuondolewa mara moja, ilhali kila mkulima wa kusini alijua kwamba kisiki kilichobaki ardhini huchipua mvua ikinyesha na kwamba ardhi iliyo wazi hukaribisha majani upya. Karanga zenyewe ni zao gumu kwa mashine, kwa sababu baada ya kuchanua, ua lake huteremsha kikonyo kinachopenya udongoni na kuzaa karanga chini. Jembe likipita wakati huo hukata vikonyo, kwa hiyo gugu lililochelewa halina budi kung'olewa kwa mkono. Wanawake wa vijiji vya jirani waliolima karanga katika vipande vidogo walikuwa na ujuzi huo, na hakuna dalili kwamba mpango uliutegemea.

Mji wa Mtwara ulibaki baada ya mpango kufa, na pamoja nao ulibaki ua wa aina mpya. Miji ya Tanganyika chini ya Waingereza iligawanywa katika maeneo ya ujenzi ambayo wakazi waliyaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mtwara eneo la Wazungu lilikuwa Shangani, kando ya bahari, ambako nyumba zilijengwa mbalimbali katika viwanja vipana vilivyooteshwa majani. Ukoka, yaani majani yatambaayo kwa vikonyo vya juu na vya chini ya ardhi, ndio uliofaa zaidi, kwani hustahimili kiangazi, chumvi kiasi na kukatwa mara kwa mara. Mmea ambao mkulima aliulaani kwa kuwa kila kipande cha kikonyo kilichoachwa na jembe huota upya, ukawa katika ua wa Shangani ndio unaomwagiliwa maji, na mimea iliyokuwa mboga ukingoni mwa kiwanja cha kijijini ikang'olewa ili isiuharibu. Aliyeing'oa alikuwa shamba boi, yaani mtunza bustani wa kuajiriwa, na mara nyingi alikuwa ametoka kijiji ambacho kwao ua ulifagiliwa mpaka ukang'aa.

Serikali nayo ilikuwa na hoja ya afya. Baada ya Ronald Ross kuthibitisha mwaka 1897 kwamba mbu hubeba vimelea vya malaria, kanuni za miji ziliwataka wenye nyumba wafyeke majani marefu, na magugu yakawa kosa la kutozwa faini. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli nusu, kwa maana mbu hupumzika katika majani lakini huzaliwa katika maji yaliyotuama, na kiwanja kilichofyekwa vizuri chenye madimbwi hakimlindi mtu. Mantiki hiyohiyo iliendelea baada ya uhuru: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma nchi nzima, ilihimiza usafi wa mazingira ya nyumba pamoja na uchimbaji wa vyoo, na katika miaka ya karibuni Jumamosi ya mwisho wa mwezi imetengwa kwa usafi, ambapo kwanja, yaani chuma kirefu kilichopindwa mwishoni kwa ajili ya kufyekea, huonekana mbele ya kila ofisi.

Katika miaka ya kampeni hiyo ya Mtu ni Afya, magugu yalikuwa yakishinda mahali pengine. Mkorosho, mti ulioletwa na Wareno, ulikuwa umeenea katika mashamba ya Wamakonde baada ya vita, na mwavuli wake mpana ulifanya kazi ileile ya kichaka cha zamani. Chini yake, hata hivyo, lazima pawe safi, kwa sababu korosho iliyokomaa huanguka pamoja na bibo lake na kuokotwa ardhini, na majani makavu yakiachwa hadi Agosti moto mmoja huteketeza mali ya miaka 20. Mwaka 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 makusanyo yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga, ambao ni ukungu mweupe unaoshambulia maua, na bei ndogo vilichangia sana, lakini kuhamishiwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa, kulikoanza mapema Mtwara kutokana na vita ya ukombozi wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, kuliwaweka wakulima mbali na mikorosho yao. Mkulima aliyetembea saa nzima kwenda shambani hakuweza kupalilia kama zamani, na mashamba mengi yaliachwa yakawa mapori. Hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko takwimu zinavyoweza kuonyesha, kwa maana mkorosho uliomezwa na pori ulikuwa urithi wa mtu. Ufufuo ulioongozwa na watafiti wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, unajulikana zaidi kwa unga wa salfa dhidi ya ubwiriunga, ingawa salfa hiyo haimfai mkulima asiyeweza kuufikia mti wake kwa sababu ya pori.

Ugunduzi wa gesi asilia katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na hasa uchimbaji na ujenzi wa bomba la kuelekea Dar es Salaam lililokamilika mwaka 2015, ulileta nyumba mpya Mtwara na hamu mpya ya ua wa majani. Pamoja na ukoka hupandwa majani mapana yanayoitwa nyasi za Pemba, ambayo huvumilia kivuli cha mwembe na upepo wa chumvi. Adui mkubwa wa nyua hizi ni ndago, mmea wa shina lenye pembe tatu ambao chini ya ardhi hutengeneza mnyororo wa viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi. Anayevuta ndago kwa juu hukata nyuzi hizo, na kila kiazi kilichokuwa kimelala kwa kuzuiwa na mwenzake huamka na kuchipua, hivyo palizi ya haraka huzidisha kile ilichokusudia kupunguza.

Viuagugu, yaani dawa za kuua magugu, vimeenea katika maduka ya pembejeo, lakini ua wa majani huvipa mipaka mikali. Dawa ya 2,4-D, iliyotokana na utafiti wa wakati wa vita, huua mimea ya majani mapana kama mbigili na kishona nguo na kuuacha ukoka, lakini ndago hudhurika kidogo tu. Glaifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974, hushuka hadi kwenye viazi vya ndago, ila huua ukoka pia. Katika udongo wa kichanga wenye visima vifupi, na karibu na mikoko ya mlango wa Ruvuma iliyomo katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, tahadhari juu ya dawa hizi inahitajika zaidi kuliko bara. Kwa hiyo ndago wa Shangani bado huchimbwa baada ya mvua, udongo ukiwa umelainika, kwa kisu au kijiti kinachofuata uzi kutoka kiazi kimoja hadi kingine, na kwa kawaida mchimbaji ni mwanamke wa kibarua anayelipwa kwa siku.