Bei ya Maziwa na Wenye Kuipanga: Habari za Nyuma na Mafunzo kwa Chama Chetu



Katika mkutano mkuu wa mwaka huu lilitolewa shauri na wenzetu wa Funzi wenye kufuga ng'ombe upande wa bara. Walitaka chama kitoe fedha katika mfuko wa maafa, zinunuliwe tangi la kupozea maziwa, ili wasiendelee kuuza kwa bei wanayotajiwa na wachuuzi. Shauri hilo lilizusha maneno mengi. Wako waliosema kwamba fedha ya sanda haiguswi. Wako waliojibu kwamba aliye hai naye ana haki ya kusaidiwa kabla hajafikia kuhitaji sanda. Mkutano haukukata neno, bali ulituagiza tuandike katika kijitabu hiki habari za bei ya maziwa katika nchi yetu: imepangwa na nani, kwa njia gani, na ni nani aliyepata na ni nani aliyekosa.

Kwanza yafaa tukumbushane jambo ambalo mvuvi hahitaji kufundishwa. Samaki akiisha kutoka majini huanza kuhesabiwa saa zake. Asiye na barafu hana nguvu ya kubishana bei, na mwenye kukopeshwa nyavu na tajiri hana hata ruhusa ya kubishana. Maziwa ni vivyo hivyo. Yakikamwa alfajiri katika joto letu la pwani, hayafiki jioni bila kupozwa au kuchemshwa. Kwa hiyo mwenye nguvu katika biashara ya maziwa ni yule mwenye uwezo wa kuyaweka yasiharibike, wala si yule mwenye ng'ombe. Mwenye kiwanda aweza kungoja, mfugaji hawezi. Habari zote zitakazofuata zatokana na jambo hilo moja.

Katika nchi ya Kenya, wa kwanza kulifahamu jambo hilo na kuliundia chombo walikuwa masetla wa Kizungu. Mwaka 1925 waliasisi chama chao cha ushirika, Kenya Cooperative Creameries, ambacho sote twakijua kwa jina la KCC. Walikusanya malai yao pamoja, wakatengeneza siagi, na nyingine wakaipeleka ng'ambo. Bei ya siagi ilipoanguka duniani, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya mwaka 1931 ya kutoza ushuru siagi iliyouzwa humu nchini, na fedha hiyo ikasaidia ile iliyopelekwa nje. Maana yake ni kwamba mlaji wa hapa alilipa zaidi ili mkulima wa kisetla asipate hasara kule. Hivyo bei haikuwa tena mapatano ya soko tu. Ilikuwa ni kazi ya sheria, na sheria ilikuwa mikononi mwa wachache.

Mwafrika katika mpango huo alikuwa na nafasi ndogo mno. Kwa miaka mingi hakuachiwa kufuga ng'ombe wa gredi. Mlango huo ulianza kufunguliwa kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na hata hivyo ulifunguliwa zaidi katika nyanda za juu zenye baridi kuliko huku kwetu, ambako mbung'o na kupe walikuwa maadui wakubwa wa mifugo. Mwaka 1958 ikaja sheria ya maziwa iliyounda Halmashauri ya Maziwa ya Kenya, yenye mamlaka ya kutoa leseni na kusimamia uuzaji. Katika miji, KCC ikawa ndiyo mwenye soko. Asiyepitia kwake alihesabiwa kuwa mchuuzi wa magendo, ijapokuwa maziwa yake yalikuwa safi.

Na ndani ya KCC yenyewe wauzaji hawakuwa sawa. Palikuwa na mgao. Mkulima mwenye mkataba wa kuleta kiasi fulani cha maziwa kila siku, masika na kiangazi, alilipwa bei ya juu, kwa kuwa maziwa yake ndiyo yaliyouzwa yangali mabichi mijini. Yaliyozidi, na ya wale wasio na mkataba, yalihesabiwa kuwa ya siagi na unga, na bei yake ilikuwa ya chini sana. Ukiutazama juujuu, mpango huu una haki, kwani mwenye kuleta wakati wa ukame amegharimika. Lakini mikataba ilikuwa imekwisha kushikwa na mashamba makubwa ya zamani. Mkulima mdogo aliyeingia baada ya uhuru alileta maziwa ya namna ile ile, katika mkebe wa namna ile ile, akalipwa pungufu.

Malalamiko yalipozidi, serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Bwana Mwai Kibaki, ambaye baadaye alikuwa Rais wa tatu wa nchi, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1965. Ilishauri kwamba mgao uondolewe na wakulima walipwe kwa bei moja. Katika miaka iliyofuata ushauri huo ulitekelezwa. KCC ikatakiwa kupokea maziwa ya kila aliyeleta, na serikali ikawa ndiyo inayotangaza bei ya mkulima na bei ya dukani.

Hapana shaka kwamba mpango huo uliwainua wakulima wadogo, hata Kenya ikawa nchi ya kutajwa kwa maziwa katika Afrika. Lakini kila kizuri kina gharama yake. Bei ilipokuwa moja mwaka mzima, mkulima hakuwa na sababu ya kujitaabisha kuhifadhi majani kwa ajili ya kiangazi. Basi masika maziwa yalifurika na kiangazi yaliadimika. Bei ilipokuwa moja kila mahali, mwenye shamba karibu na soko alimlipia nauli aliye mbali. Tena bei iliyotangazwa na serikali huchelewa kupanda, kwa kuwa wenye kunywa chai mijini ni wengi, nao wana kura.

Wengi wenu mwakumbuka maziwa ya shule yaliyoanzishwa mwaka 1979, yale ya pakiti za pembe tatu tuliyoyaita Maziwa ya Nyayo. Yaliwanufaisha watoto wetu, nasi hatuyasahau. Lakini KCC, kiwanda cha ushirika kilichoagizwa kutimiza haja za serikali, kilikuwa kikibebeshwa mizigo ambayo mwanachama mwenye ng'ombe hakuulizwa. Jina lilikuwa la ushirika, bali usukani ulikwisha ondoka mikononi mwa wenye chombo.

Mwaka 1992 serikali iliondoa bei ya kutangazwa, na viwanda vya watu binafsi vikaingia sokoni kwa nguvu. Brookside ilianza mwaka 1993, na baada ya miaka si mingi ikawa kubwa kuliko zote. Wachuuzi wa maziwa mabichi nao wakazidi. KCC, iliyozoea kuwa peke yake, haikuweza kushindana. Malipo ya wakulima yalichelewa miezi, wengine wakakosa kabisa, na mwaka 2000 mali yake ikauzwa kwa kampuni ya watu binafsi. Mwaka 2003 serikali mpya iliirudisha chini ya mamlaka yake, ikaitwa New KCC.

Ndugu zetu, jambo hilo si geni kwetu watu wa Kwale. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, mkulima wa miwa aliyekuwa na mnunuzi mmoja akabaki hana hata huyo mmoja. Miwa ilibaki shambani, na ujuzi wote wa kulima ukawa kama tanga lisilo na upepo. Mnunuzi mmoja, awe wa serikali, wa ushirika au wa mtu binafsi, ni hatari ile ile.

Je, soko huru lilimponya mfugaji? Kwa kiasi fulani, ndiyo, na kwa kiasi fulani, siyo. Mchuuzi mwenye baiskeli au pikipiki, anayelaumiwa na wengi, amekuwa ngao ya mfugaji pasipo kujua. Kiwanda hakiwezi kushusha bei chini mno iwapo mchuuzi yuko njiani na fedha taslimu mkononi. Lakini viwanda vikubwa vilinunua vidogo. Brookside ilizichukua Spin Knit na Buzeki, na kila kimoja kilipomezwa, mfugaji wa upande ule alipungukiwa na mlango wa kubisha. Na kila masika bei huanguka, viwanda vikisema havina pa kuyaweka maziwa. Mwezi wa Januari 2020 Rais Uhuru Kenyatta, akiwa hapa Mombasa, aliagiza New KCC ilipe shilingi 33 kwa kilo, na serikali ikatoa fedha za kununua maziwa ya ziada yageuzwe unga. Mwaka 2024 serikali ya Rais William Ruto ikatangaza shilingi 50 kwa lita. Amri hizo hulazimisha kiwanda cha serikali kwanza. Vingine hufuata ikiwa tu mfugaji ana mahali pengine pa kwenda.

Sasa tutazame ushirika ulipofaulu. Huko India, katika wilaya ya Kaira, wafugaji walikuwa na mnunuzi mmoja aliyepewa na serikali haki ya kupeleka maziwa Bombay. Mwaka 1946 waliungana, wakakataa kumuuzia, wakamwaga maziwa yao kwa siku 15 mpaka mpango ule ukavunjika. Ushirika wao ndio uliokuja kuwa Amul. Tuzingatie kwamba kugoma kuliwafungulia mlango tu. Kilichowaweka ndani ya nyumba ni kiwanda chao wenyewe, ambacho mwaka 1955 kilianza kukausha maziwa ya nyati yakawa unga. Basi wakati wa wingi hawakulazimika tena kuuza kwa unyonge.

Hapa Kenya, wafugaji 31 wa Githunguri waliunda ushirika wao mwaka 1961. Kwa miaka zaidi ya 40 waliuzia wengine, wakijenga kwanza kuaminiana, vituo vya kukusanyia na vitabu vya hesabu. Ndipo mwaka 2004 wakafungua kiwanda chao cha Fresha. Na jirani zetu wa Tanga, ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, wenye joto na kupe kama sisi, waliunganisha vyama vyao vya msingi mwaka 1993, kisha wakashirikiana na wafugaji wa Uholanzi kuanzisha Tanga Fresh. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba maziwa ni mambo ya watu wa baridi.

Katika habari zote hizi twaona mambo manne. La kwanza, bei humfuata mwenye kuweza kungoja. Kwa hiyo kupoza ni nguvu. La pili, bei inayotangazwa si bei inayofika mfukoni. Katikati yake mna nauli, ada, deni la dawa na chakula cha ng'ombe, na maziwa yaliyokataliwa kituoni. Mfugaji asiyeisoma karatasi yake ya mwezi hajui anauza kwa kiasi gani. La tatu, kulipwa kwa wakati ni sehemu ya bei. Shilingi 50 zisizokuja hazizidi 40 zilizo mkononi. La nne, ushirika haufi kwa uchache wa maziwa, hufa kwa viongozi kusahau ni nani mwenye ng'ombe.

Basi, kuhusu shauri lililo mbele yetu, sisi tulioagizwa kuandika twatoa maoni haya. Mfuko wa maafa usiguswe. Uliwekwa na wazee wetu kwa ajili ya siku ambayo haina miadi, na walioutia fedha si wote wenye ng'ombe. Lakini wenzetu wasirudishwe mikono mitupu. Waunde chama chao cha wafugaji, chenye kitabu chake na mweka hazina wake. Waanze kwa mizani, kipimo cha kujua maziwa yasiyotiwa maji, na mikebe ya bati isiyoshika harufu. Wakusanye mahali pamoja kwa mwaka mmoja, wauze kwa wanunuzi wawili au zaidi, na kila jioni hesabu iandikwe mbele ya watu. Mwaka ukiisha, kitabu hicho kiletwe mkutanoni. Kikisomeka na kikakubalika, chama hiki kiwadhamini wakope fedha za tangi. Na deni liwe la wenye kukama, si la wafiwa.

Twajua kwamba wako watakaosema mwaka mmoja ni mrefu. Nasi twajibu kwamba Githunguri walingoja zaidi ya 40, na Ramisi haikungoja hata siku moja. Uamuzi u mikononi mwenu, wazee wetu na ndugu zetu. Mtakaposimama kupiga kura, kumbukeni yule mama anayesimama kando ya njia asubuhi na mkebe wake, akitazama jua linapanda. Yeye ndiye anayeijua bei ya kungoja kuliko sisi sote tulioandika.