Injili Haitamadunishwi: Hoja ya Neno "Uenyeji"

Niliombwa kuwafundisha makatekista wa dekania moja kwa siku tatu, na kijitabu nilichokabidhiwa kilikuwa na neno "utamadunisho" karibu kila ukurasa. Siku ya pili mzee mmoja, aliyefundisha katekisimu tangu ujana wake, alinyoosha mkono. "Mwalimu," aliniuliza, "hapa wameandika liturujia inatamadunishwa. Kwani ilikuwa haijatamadunika? Au ambao hatujatamadunika ni sisi?" Nilimjibu kwa maelezo marefu ya wazo lenyewe, naye akaitikia kwa adabu. Lakini hakuwa ameuliza habari ya wazo. Aliuliza habari ya neno, na katika hilo yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Wazo tunalijua. Imani ikifika kwa watu husema kwa ulimi wao na kusali kwa miili yao, na papo hapo huwageuza. Mitume walilikabili jambo hilo Yerusalemu, katika Matendo sura ya 15, walipoamua kwamba watu wa mataifa hawatatahiriwa kwanza ndipo wawe Wakristo. Paulo wa Sita aliwaambia Waafrika mjini Kampala mwaka 1969 kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Majimbo ya Zaire yakapata misale yao mwaka 1988, ambamo wahenga huitwa pamoja na watakatifu mwanzoni mwa Misa, na toba huja baada ya mahubiri. Hakuna anayebisha juu ya hayo. Ninachobishia mimi ni jina tulilolipa jambo hili kwa Kiswahili.

"Utamaduni" umetokana na Kiarabu *tamaddun*, na mzizi wake ndio uliozaa *madina*, yaani mji. Maana yake ya asili ni kuwa mtu wa mji, kuishika adabu ya wakaao ndani ya ukuta na kuachana na ya wakaao nje. Ndugu yake ni "ustaarabu", ambao asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Najua kwamba Kiswahili kimelilainisha jina hili: leo tukisema utamaduni wa Wamakonde au wa Wasukuma, hakuna anayewaza kuta za mji. Lakini aliyelainika ni nomino. Kitenzi hakikulainika. Ukikiongezea -isha, ile maana ya kale huamka: kumtamadunisha mtu ni kumtoa katika ushenzi. Na "mshenzi" ni nani, ikiwa si yule mtu wa bara ambaye mtu wa pwani alimwona hana mji? Hivyo istilahi tuliyoitunga ili kukiri kwamba mababu zetu hawakuwa watupu mbele ya Mungu imebeba ndani yake tusi lile lile walilotukanwa. Mzee yule alilisikia mara moja. Wataalamu walioketi mezani kulipitisha hawakulisikia.

Tuiangalie pia hiyo -isha kisarufi. Kitenzi cha kutendesha hudai mtendeshaji. Injili ikitamadunishwa, lazima yupo anayeitamadunisha, na bila shaka ameketi katika idara yenye mhuri. Lakini nani aliyewaagiza akina mama wa vigango wapige vigelegele wakati wa Utukufu? Jambo hili huota kwa kuishi, na kamati hulikuta limekwisha kuota.

Wanaotetea "utamadunisho" husema kwamba wamefuata Kilatini, *inculturatio*, neno lililojengwa juu ya *cultura*. Basi na tukifuate mpaka mwisho. *Cultura* imetoka katika kitenzi *colere*, na *colere* kina maana tatu zilizoshikana: kulima, kukaa mahali, na kuabudu. Katika kulima tumepata kilimo cha akili, ambacho ndicho kilichokuja kuitwa kalcha. Katika kuabudu tumepata *cultus*, ibada. Katika kukaa limepatikana neno ambalo hakuna kijitabu chetu hata kimoja nilichokisoma kinachoonekana kulikumbuka: *incola*, mkazi. Sheria za Kirumi zilimtambua *incola* kuwa mtu aliyetoka kwingine, akahamia mji usio wa kuzaliwa kwake, akaweka makao humo. Siwezi kufikiria picha iliyo bora zaidi ya Injili katika Afrika. Haikuzaliwa kwetu, wala si mpita njia. Imeweka makao.

Mkazi wa namna hiyo Kiswahili humwita nani? Mwenyeji. Na hali yake tunaiita uenyeji.

"Mwenyeji" ni mwenye mji, maneno mawili yaliyosuguana hadi yakawa moja. Nimeambiwa kwamba nimekimbia mji wa Kiarabu nikaangukia mji wa Kibantu. Hapana. Katika *tamaddun* mji ndio unaomfinyanga mtu, naye asipofinyangwa hubaki mshenzi. Katika uenyeji mtu ndiye aliye na mji: anavijua vichochoro vyake, haulizi njia, na watu humjua kwa jina. Tunasema "fulani ana uenyeji wa Kariakoo" hata kama alizaliwa Kigoma. Uenyeji hupatikana. Hupatikana kwa kukaa, kwa kuzika na kuozana, kwa kushiriki njaa ya mahali.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba mwenyeji ni yule anayepokea, na Injili ni mgeni anayepokewa, kwa hiyo nimewageuza. Jibu lake limo katika methali ambayo kila mtoto anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mgeni anaingia shambani, na tangu hapo anahesabiwa miongoni mwa wenye nyumba. Tazama kwamba jembe hilo ni *colere* yenyewe, kulima na kukaa kwa pamoja, na babu zetu walifika hapo bila Kilatini. Na kwa kuwa wapo wanaoogopa kwamba neno langu linaifanya Injili imezwe na mila, nawakumbusha methali nyingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule aliyefika ndiye anayemponya aliyempokea.

Maneno yanayoshindana na hili nayapitia kwa haraka. "Umwilisho" ni zuri, na Yohane Paulo wa Pili mwenyewe, katika waraka wake wa mwaka 1979 juu ya katekesi, aliihusisha istilahi ya *inculturatio*, iliyokuwa mpya, na fumbo la Neno kufanyika mwili; lakini nafasi ya "umwilisho" imekwisha kujazwa na fumbo lenyewe, na mwanafunzi atakayesoma "umwilisho" mara mbili katika ukurasa mmoja kwa maana mbili atapotea. "Uzawa" si kweli, maana Injili haikuzaliwa hapa, tena neno hilo limechafuliwa na malumbano ya siasa za uchumi. Kuacha "inkulturasio" ilivyo ni kukiri kushindwa. Na "utamadunisho", mbali na ubaya wake wa mzizi, hauachi nafasi ya kutofautisha: mwanaanthropolojia Melville Herskovits alikwisha kuwa na istilahi yake, *enculturation*, ya jinsi mtoto anavyolelewa ndani ya utamaduni wa watu wake, na istilahi hiyo, sio hii ya kanisa, ndiyo ambayo kitenzi "kutamadunisha" kingeifaa kidogo.

Pendekezo hili si la leo. Nililiandikia kurasa kumi na nne, kwa mwaliko, nikalipeleka kwa kamati ambayo sitaitaja. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi likiwa sentensi moja: neno "uenyeji" ni la kawaida mno kuwa istilahi ya teolojia. Hakuna aliyegusa hoja ya *incola*. Baadaye nikasoma makala ya mjumbe mmoja akiwaonya wasomaji dhidi ya "istilahi za sokoni", na nikajua anayesemwa ni nani. Nakiri kwamba iliniuma, na ingali inaniuma. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki cha watu wote, lugha ya bandarini na ya risiti za nafaka. "Agano" lenyewe lilikuwa neno la watu wawili wanaopatana kabla halijawa nusu ya Biblia. Ikiwa ukawaida ni kasoro, basi kasoro hiyo waliianza mitume.

Kwa matumizi: tuseme "uenyeji wa Injili" kwa jambo lenyewe, "kupata uenyeji" kwa kitenzi, na "ugeni wa Injili" kwa kinyume chake.

Siku ya tatu ya semina nilifuta neno la kijitabu ubaoni, nikaandika "uenyeji". Yule mzee alilisoma kwa sauti, kisha akawageukia wenzake, akaanza kuwaeleza habari ya ngoma katika kigango chake: ilikatazwa alipokuwa kijana, ikaruhusiwa siku za Pasaka tu, na sasa mpigaji wake ni mjukuu wa yule katekista aliyeikataza. Nilikaa chini, nikamwachia chaki.