Jani Badala ya Bugali

Mama yangu ana sukari. Daktari hapa kambini alimwambia apunguze bugali, wali na muhogo. Mama akamsikiliza kwa heshima, akamshukuru, na tulipofika nje akaniuliza: "Sasa mwanangu, huyu anataka nile nini? Mgao karibu wote ni unga." Ndugu msomaji, kama una kadi ya mgao unajua hakuwa anatania. Na wewe unayefanya kazi kwenye mashirika unajua pia.

Siku hiyo nikakumbuka chakula tulichokula Asiatique, na historia yake nataka kuiandika kabla hatujaisahau.

Asiatique ni karitiye ya Bujumbura, si mbali na Buyenzi. Jina lenyewe linasema lilikotoka. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji wakauteka mji mwaka 1916, wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi, wakaugawa kwa rangi: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza. Asiatique wakakaa Wahindi, wengi wenye asili ya Gujarati, na Waarabu wa Omani, watu wa maduka. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ikawa Bujumbura, ila karitiye ilibaki na jina lake mpaka leo.

Mgawanyo huo unaandikwa sana. Maboyi hawaandikwi. Baba yangu alikuwa boyi wa jikoni kwenye nyumba moja ya Kihindi, na sisi tulilala chumba cha uani. Kutoka pale ndipo jani lilipoingia kwetu.

Bibi wa nyumba alikuwa akimtuma baba kununua majani ya amateke, yaani magimbi. Watu sokoni walicheka, kwa sababu wao walijua kula kiazi, jani wanamwachia mbuzi. Bibi huyo alipaka jani uji mzito wa unga wa dengu wenye ndimu, pilipili na manjano, akapanga majingine juu yake, akayakunja kama mkeka, akayapika kwa mvuke, akakata vipande na kuvikaanga na mbegu za haradali. Wagujarati wanakiita patra. Ndimu si ya ladha tu: jani la gimbi lisipoiva vizuri linawasha koo, na kitu kichachu kinasaidia kupunguza mwasho. Baba alijifunza hilo kwa koo lake mwenyewe.

Halafu wakaja Wachina. Burundi na China zilianza uhusiano wa kibalozi Desemba 1963, ukavunjika Januari 1965, mwezi ule ule alipouawa Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, ukarudi mwaka 1971. Katika miaka iliyofuata China ikasaidia kujenga kiwanda cha nguo cha COTEBU. Baba akapata kazi ya kuwapikia mafundi, kazi yenye mshahara mzuri kidogo, huku mama akibaki na kazi za ile nyumba ya Asiatique, ndiyo maana hatukuhama.

Jioni moja akarudi na saladi mkononi. Saladi tuliijua, tuliikata na nyanya kama Wabelgiji walivyofundisha. Yeye akalitoa jani zima, akalitia nyama ya kusaga iliyokaangwa na tangawizi, akalikunja, akalila kwa mkono. Alituambia mafundi wake hawapendi majani mabichi, mboga zote wanazipitisha motoni, lakini hili la kukunjia wanalila bichi. Miaka mingi baadaye nikajifunza kwamba saladi kwa Kichina ni shengcai, na kule kusini, Guangdong, jina hilo linasikika kama maneno ya kuzaa mali. Kwa hiyo wanaila mwaka mpya, na wachezaji wa ngoma ya simba wananing'iniziwa saladi mlangoni mwa duka wainyakue. Wenye maduka wa Asiatique wangelipenda sana hilo!

Basi hapa kambini ninafanya hivi, na haichukui robo saa. Ndagala wakavu gao mbili nawaosha, nawakausha, nawakaanga kwa mafuta kijiko kimoja mpaka walie. Natia kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi iliyopondwa, pilipili. Naepua, nakamulia ndimu. Soya sosi sina, chumvi kidogo inatosha. Jani ni la saladi kutoka bustani ya gunia. Ukipanda mbegu leo, baada ya wiki sita au saba unaanza kuchuma majani ya nje, la kati unaliacha liendelee. Majani yaoshwe kwa maji safi ya kunywa, kwa sababu hayapiti motoni. Kama huna saladi, chukua kabichi, jani zima, litumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja, litalainika na kukunjika bila kupasuka.

Neno moja kwa wagonjwa wenzake mama: ukiwa unameza dawa za sukari au unachoma insulini, usikate bugali kwa mara moja. Sukari inaweza kushuka ukaanguka. Ongea na kliniki kwanza. Sisi tulipunguza tonge kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, huku wakimpima.

Na nisiseme uongo, ndagala tunanunua. Zinatoka pesa za unga tunaouza, na kuuza mgao kunaonekana vibaya kwenye mikutano. Nawaomba wanaotuandikia ripoti wamfikirie mgonjwa wa sukari anayepewa gunia la wanga.

Mara ya kwanza nilipomwekea mama sahani, alilitazama jani, akanitazama mimi. "Unanipa chakula cha mbuzi?"

Nikamwambia ni kile cha baba, cha Wachina. Akanyamaza. Akalikunja kwa vidole viwili, akiingiza ncha ndani ili mchuzi usivuje, vile vile baba alivyokuwa akifanya, na mimi nilikuwa nimesahau hata hiyo ncha. Akala manne. Kisha akauliza kama gunia la jirani nalo lina saladi.